Redio Isiyouza Kitu

Sisi wa kontenti tuna swali letu moja kila siku: hii italipa? Sasa kuna watu ambao wakiwa hewani hawaruhusiwi kabisa kulipwa. Ni wanaredio wa ridhaa, wenye mitambo yao nyumbani na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Hapa Kenya majina yao ya hewani huanza na 5Z4. Kanuni za kimataifa zinawataka wajifunze, wawasiliane na wachunguze ufundi, bila maslahi ya pesa.

Mbona wakazwe hivyo? Skiza historia kidogo.

Mwaka 1912 Marekani ilitunga sheria iliyowasukuma watu hawa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini. Wakati ule wataalamu waliona mawimbi hayo hayana maana. Ni kama kupewa kiwanja ambacho hakuna anayekitaka. Wao wakakaa nacho, wakajaribu usiku na mchana, na Novemba 1923 Mmarekani na Mfaransa wakaongea kuvuka Atlantiki kwa mawimbi hayo hayo. Ghafla kiwanja kikawa mali. Serikali na makampuni wakakimbilia, na kwenye mkutano wa Washington wa 1927 wanaredio wa ridhaa wakabakishiwa vipande vyembamba tu.

Na usidhani hiyo ni stori ya Wazungu peke yao. Ni kwa masafa mafupi hayo ndiyo Redio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, ikiupiga vita ukoloni. Watu wa Mombasa na Zanzibar wakatega masikio, na Waingereza wakakosa raha.

Sasa tuje kwenye maonyesho. Chukua Mombasa Show pale Mkomani: mabenki, kampuni za simu, kila mtu na hema lake. Klabu ya redio ya ridhaa ikija na mtambo, iruhusiwe? Mimi nasema ndiyo, ije. Vijana waone mtu akiongea na nchi nyingine kwa waya uliofungwa juu ya mti, bila bando. Kampuni ikiwapa kivuli na umeme, sioni ubaya. Lakini ikitaka bei zake zitajwe hewani, ama imlipe mwanaklabu akae kwenye maikrofoni aisifie, hapo basi. Hata ujumbe wa mtu mwingine kwenda nchi ya nje, kanuni za kimataifa zinauruhusu wakati wa dharura au maafa tu.

Wengine wataniambia huo ni ukale, kila kitu siku hizi ni biashara. Fikiria baraza za Bondeni na Mji wa Kale. Anakaa tajiri, anakaa mvuvi, anakaa mwanafunzi, na hakuna anayelipia. Siku mmoja akianza kuuza pafyumu pale kutwa nzima, wengine watahama, na baraza imekuwa duka. Masafa ni hivyo hivyo. Ukifungua mlango wa matangazo, mwenye hela nyingi ndiye atakayejaza hewa, na yule kijana anayejifunza hatapata hata nafasi ya kusema jambo.

Na faida yake haionekani mpaka mambo yaharibike. Desemba 2004, wanaredio wa ridhaa kutoka India walikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, kwa shughuli yao ya kujifurahisha. Tsunami ikapiga, simu zikakatika, na mitambo yao ikawa njia ya kupeleka habari za watu waliokwama. Bahari ile ile ilifika mpaka pwani yetu.

Kwa hivyo klabu ikiweka meza kwenye maonyesho, msiwaulize wanauza nini. Waulizeni leseni inapatikana vipi.