Jina la Kwenye Kadi

Gari kuukuu la Dar es Salaam mara nyingi huwa na wenyewe wawili: anayeliendesha na aliyeandikwa kwenye kadi ya usajili. Anayeliendesha hutia mafuta, hubadilisha tairi, hukesha mvua ikinyesha Jangwani. Aliyeandikwa kwenye kadi huenda amestaafu na kurudi Bukoba, au amelala makaburini Kinondoni. Mimi nimekula na kusomesha watoto kwa sababu ya umbali uliopo kati ya watu hao wawili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa karani katika ofisi za mawakili karibu na mahakama ya Kisutu, na kazi iliyonilia muda kuliko zote ilikuwa kupiga chapa mikataba ya mauziano ya magari.

Husemwa kwamba Watanzania hawabadilishi kadi kwa sababu wanakwepa kodi. Wapo, sikatai, wengine nimewaandikia mwenyewe. Lakini nikiipanga mikataba hiyo kwa miaka yake, naona kodi ikija nyuma ya mambo mengine: desturi, woga, uhaba, na mauti.

Nianze na desturi, maana ndiyo kongwe. Kabla gari halijajulikana, watu wa pwani walikuwa wakiuziana nyumba, viwanja na minazi kwa hati za herufi za Kiarabu, mbele ya kadhi au mwandishi anayeaminika, na mashahidi wakatajwa kwa majina ya baba zao. Qurani yenyewe, katika sura ya Baqara, inaagiza deni liandikwe na mashahidi wawili wawepo. Wazee wa Kariakoo walioingia ofisini kwetu kuuziana Pijo 404 walikuja na desturi hiyo nzima. Wakili angesema saini za pande mbili na muhuri wake vinatosha. Wao waliketisha mashahidi wanne kwenye benchi, na fedha zikahesabiwa kwa sauti ili mashahidi wasikie. Zikishahesabiwa, biashara imekwisha. Gari ni la mnunuzi mbele ya Mungu na mbele ya mtaa. Kwenda ofisi ya mapato kubadilisha kadi lilikuwa jambo jingine, la baina ya mtu na serikali, na lingeweza kungoja.

Serikali haikuliona hivyo. Mwaka 1972 Bunge lilitunga sheria ya kodi ya usajili na uhamisho wa magari, na mwaka huohuo sheria ya ushuru wa stempu. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Usalama Barabarani, namba 30 ya 1973. Kuanzia hapo gari likibadili mkono serikali inadai mara mbili: kwa jina jipya linaloingia kwenye daftari, na kwa karatasi ya mauziano yenyewe. Stempu hizo nimezibandika kwa mkono, nikazilamba kama za barua, nikapitisha kalamu juu yake pamoja na tarehe ili zisitumike tena. Mkataba usio na stempu ukipelekwa mahakamani haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe.

Mkataba wenyewe ulikuwa ukurasa mmoja, na nakala mbili za kaboni. Mimi fulani wa sanduku la posta fulani, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, nimemuuzia fulani gari aina fulani, namba ya usajili, namba ya chesesi, namba ya injini, rangi. Kisha bei, kwa tarakimu na kwa maneno. Mwisho kifungu nilichokuwa nakiandika huku nimefumba macho: kuanzia leo muuzaji hatahusika na deni wala kosa lolote la gari hili. Kifungu hicho kiliwatuliza wauzaji kuliko stahili yake. Kiliwafunga wale wawili waliotia saini. Daftari la serikali halikuwa na habari nacho, na kwenye daftari hilo gari lilikuwa bado lake.

Mikataba ya miaka yangu ya kwanza inanuka uhaba. Nchi ilikuwa imetoka vitani Kagera, fedha za kigeni zilikauka, na uagizaji wa magari ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, State Motor Corporation. Gari jipya lilipatikana kwa kibali, na kibali kilikwenda kwa wachache. Kwa hiyo Datsun iliyokwisha zunguka nchi nzima iliweza kupata bei ya kushangaza, na bei ya kwenye karatasi haikuwa ile iliyohesabiwa mezani. Nikiambiwa niandike nusu, niliandika nusu. Ushuru wa stempu ulikuwa sababu mojawapo, lakini kubwa zaidi ilikuwa swali ambalo mtumishi wa serikali hakutaka kuulizwa: fedha hizi umezipata wapi?

Swali hilo likaja kuulizwa kweli. Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ulianza msako wa wahujumu uchumi. Watu walitupa bidhaa vichakani na baharini usiku. Gari huwezi kulitupa baharini, lakini unaweza kuacha kuandikisha jina lako juu yake. Miezi ile walikuja watu waliotaka mkataba usiotaja bei kabisa, na wengine waliotaka jina la shangazi liandikwe mahali pao. Kadi zikabaki na majina ya wauzaji waliokwisha hamia mikoani, na hakuna aliyekwenda mapato, kwa sababu kwenda mapato kulikuwa ni kujitangaza.

Bajeti ya Juni 1984 ililegeza kamba. Mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alikozitoa. Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata, mlango ukafunguka zaidi, na watu wakampa jina la Mzee Ruksa. Magari yaliyotumika yakaanza kuja, mengine moja kwa moja kutoka Japani, mengine kwa njia ya Dubai au Zanzibar. Woga ukapungua. Ungetarajia kadi zianze kubadilishwa. Badala yake yakaja mauzo mengi, yaliyokwenda haraka kuliko makaratasi.

Miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa na kufilisiwa, magari yao yenye vibao vya SU yaliuzwa kwa mnada, mengi kwa wafanyakazi wenyewe badala ya mafao waliyokuwa wakidai. Mnunuzi aliondoka na Land Rover na barua ya mfilisi. Akaiuza kwa jirani yake kwa mkataba wetu, jirani akaiuza Dodoma kwa mkataba wa huko, na wa Dodoma akairudisha Dar es Salaam. Gari lilifika mezani kwangu likiwa na bunda la mikataba iliyobanwa kwa kibanio, na mbele kabisa kadi yenye jina la shirika ambalo halipo tena na mfilisi wake alishafunga mafaili. Haya tuliyaita mauziano juu ya mauziano. Kila aliyenunua alipokea bunda, akaongeza karatasi yake, akajiona yuko salama kwa sababu bunda lilikuwa nene.

Yalikuwapo pia magari ya msamaha: ya wafadhili, ya balozi, ya watu walioruhusiwa kuingiza gari bila ushuru. Haya yalikuwa mazuri, yametunzwa, na bei yake ilikuwa ya kirafiki. Urafiki ulikwisha pale mnunuzi alipokwenda kubadilisha kadi na kuambiwa kwamba msamaha ulikuwa wa mtu, haukuwa wa gari. Asiye na msamaha akilinunua, ushuru uliosamehewa unarudi, ukipigwa juu ya thamani iliyobaki baada ya uchakavu. Nimeona mtu aliyehesabu kwamba amepata gari la bure akikaa chini kwenye ngazi zetu na karatasi ya makadirio mkononi. Wengi wa namna hiyo waliamua kuliendesha hivyohivyo, kwa jina la mgeni aliyekwisha rudi kwao.

Mamlaka ya Mapato ilipoanza kazi Julai 1996, utaratibu ulinyooka. Ikaja TIN, namba ya mlipakodi, ikaja kompyuta, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vibao vya TZ vikapisha vibao vya T na herufi tatu nyuma. Mpaka leo mtaani umri wa gari hutajwa kwa ile ya kwanza kati ya herufi hizo: namba A, namba B, na kuendelea. Kubadilisha kadi kukawa na bei inayojulikana, ambayo nimewatajia wateja mara nyingi: shilingi 50,000 za uhamisho, 10,000 za kadi mpya, na asilimia moja ya thamani kwa ushuru wa stempu. Kwa gari la shilingi milioni 8, hiyo ni 140,000. Mtu anayemlipa dalali zaidi ya hapo bila kununa hawezi kuniambia kwamba kodi hiyo ndiyo iliyomshinda.

Kilichowashinda ni kumpata muuzaji. Kadi haibadilishwi bila saini yake, picha zake na kitambulisho chake, na watu hufa. Nadhani nusu ya machozi niliyoyaona ofisini yalikuwa ya wanunuzi waliochelewa. Kijana amenunua pikapu kwa mzee wa Morogoro, amekaa nayo miaka mitano, mzee amefariki. Sasa lazima apatikane msimamizi wa mirathi mwenye barua ya Mahakama ya Mwanzo, na warithi, wakisikia kuna gari kwenye jina la marehemu, hulikumbuka kwa mapenzi makubwa. Mmoja atasema baba hakuwahi kuliuza. Mwingine atasema aliuza, lakini hakumaliziwa. Hapo ndipo yule kijana hujua kwa nini wazee wa Kariakoo walikuja na mashahidi wanne.

Mabadiliko ya kweli niliyaona karibu na kustaafu kwangu, na hayakuletwa na kupunguza kodi ya uhamisho. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Kabla ya hapo hata gari lililokaa juu ya mawe lilikuwa likikusanya deni kila mwaka, na mnunuzi alilirithi. Deni hilo lilikuwa sababu kubwa ya kuogopa dirisha la mapato. Karibu na wakati huohuo faini za barabarani ziliingia kwenye mtandao. Trafiki akiandika kosa, wakati ule shilingi 30,000, lilikaa juu ya namba ya gari, na yeyote mwenye simu aliweza kuliona.

Tangu hapo wauzaji wakaanza kuja wenyewe. Katika miaka yangu yote mnunuzi ndiye alikuwa akimtafuta muuzaji. Sasa muuzaji akawa anamtafuta mnunuzi, akimpigia simu, akimbembeleza, hata akijitolea kulipa ile 50,000. Alikuja muuguzi aliyeuza Hiace yake kwa mtu anayebeba abiria Mbagala. Kadi ilikuwa bado yake, TIN ilikuwa yake, na kwa hiyo kodi ya biashara ya abiria ikaandikwa kwake. Alikuja mwalimu ambaye IST aliyoiuza ilimgonga mtu na kukimbia, na polisi wakaanza na jina lililoandikwa. Kile kifungu nilichokuwa nakiandika nimefumba macho hakikuwasaidia kitu siku ya kwanza. Kiliwasaidia baadaye, baada ya maelezo marefu kituoni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kodi ya uhamisho ifutwe ili watu wabadilishe kadi. Kuanzia 1972 watu wameacha jina la mwingine kwenye kadi kila ucheleweshaji ulipomuumiza mtu mwingine asiyekuwa wao, na wameacha kuchelewa pale ulipoanza kuwauma wenyewe. Wajukuu wangu wanaponiuliza namna ya kununua gari kwa mtu, nawaambia neno moja tu la ofisini: msimalize kulipa kwa wakili mkaachana. Bakizeni kiasi, pandeni na muuzaji mpaka mapato, na lile fungu la mwisho limfikie mkononi kadi ikiwa imeshasoma jina lenu.