Samaki wa Kulishia: Jina na Kilichomo

Wafugaji wa samaki wa mapambo hutumia istilahi ya Kiingereza, feeder fish, kumtaja samaki mdogo anayetiwa tangini akiwa hai ili aliwe na samaki mbuai, kama vile oska wa Amazoni. Ukiifasiri neno kwa neno utapata "samaki mlishaji", na maana itapinduka, kwani mlishaji ni mwenye tangi. "Chambo" nacho hakifai: chambo huficha ndoana. "Samaki lishe" linavutia kwa ufupi wake, ila msomaji aliyezoea uji wa lishe atadhani samaki huyo amesheheni virutubishi. Mara nyingi hali ni kinyume.

Takriban robo tatu ya mwili wa samaki ni maji. Kinachobaki ni protini, mafuta na madini. Kwa kuwa huliwa mzima, pamoja na mifupa na matumbo, humpa mlaji kalisi ambayo minofu mitupu haiwezi kutosheleza. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Lakini samaki wanaouzwa kwa kazi hii kwa kawaida husongamana katika matangi ya dukani wakila kidogo mno. Akiba yao ya mafuta huyeyuka, na pengine hubeba vimelea, wakiwemo wale wa ugonjwa wa madoa meupe. Mbuai hushiba tumbo bila kupata lishe, na tangi zima laweza kuugua.

Tatizo jingine limo ndani ya spishi yenyewe. Samaki wa dhahabu, kipenzi cha wauzaji kwa urahisi wake wa bei, ana kimeng'enya kiitwacho thiaminesi, kinachovunja thiamini, yaani vitamini B1. Madhara yake yalionekana nchi kavu kabla ya kuzungumzwa kwenye matangi. Miaka ya 1930, huko Minnesota, Marekani, mbweha wa kufugwa kwa ajili ya manyoya walipooza na kufa baada ya kulishwa kapi mbichi, samaki wa ukoo mmoja na samaki wa dhahabu. Ilikuja kubainika kwamba walipungukiwa thiamini. Joto la kupikia huharibu thiaminesi, kugandisha hakuiondoi. Si kila samaki anayo: trauti, kwa mfano, hana. Kwa hiyo mbuai anayelishwa samaki wa dhahabu peke yao, mwezi baada ya mwezi, anaweza kudhoofika huku akila kila siku.

Ndiyo maana napendekeza "samaki wa kulishia". Kauli ya kutendea hapa hufanya kazi ileile iliyomo katika "kisu cha kukatia": hutaja matumizi bila kusifu ubora, kwa kuwa kisu butu nacho ni cha kukatia. Fasili yake iwe hivi: samaki mdogo anayetolewa akiwa hai kwa samaki mbuai, ambaye thamani yake ya lishe hutegemea spishi yake, afya yake na alichokula mwenyewe.

Sehemu ya mwisho ya fasili hiyo ina kitendo chake. Wafugaji makini huwatenga samaki wapya, wakawachunguza na kuwapa chakula bora kabla ya kuwatoa. Tukiite "kumlisha kwanza". Asiyeweza kufanya hivyo, vidonge vya chakula vilivyosawazishwa na vipande vya kamba vitamfaa mbuai wake zaidi.