Namba za saa kwenye kanda: zilitoka wapi, na zatusaidia nini

Kuna kanda zinazobeba yale ambayo hakuna karatasi iliyoandika: mzee akitaja ukoo, mama akieleza namna kijiji kilivyokimbia. Shida ni kupata neno moja ndani ya kanda ya saa nzima.

Kaseti ilitokea mwaka 1963, kazi ya kampuni ya Philips. Redio-kaseti nyingi zilikuwa na kidude cha namba tatu, kuanzia 000. Wengi walidhani kinahesabu muda, kumbe kinahesabu mizunguko ya gurudumu. Gurudumu likijaa utepe huzunguka polepole, kwa hiyo 100 ya mwanzo si sawa na 100 ya mwisho. Tena ukihamia mashine nyingine, namba hazilingani.

Kwa video ilikuwa vigumu zaidi. Mashine ya Ampex ilianza kazi Marekani mwaka 1956, lakini kwenye utepe jicho halioni picha, na mafundi walikata kwa wembe. Mwaka 1967 kampuni ya EECO, ya hukohuko Marekani, ilitoa dawa: kila picha ipewe namba yake ya saa, dakika, sekunde na picha, mfano 01:12:40:15. Ulaya sekunde moja ina picha 25. Namba zilirekodiwa kwenye utepe wenyewe, basi kanda ikienda popote, huenda nazo.

Jambo hili si la mafundi tu. Mwezi wa pili 2011, mahakama ya kijeshi iliketi hapa Baraka, ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa ubakaji wa Fizi wa tarehe 1 Januari. Mwaka 2018 huko Bukavu, mahakama ya kijeshi ilipokea picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayotunza tarehe, saa na mahali. Ushuhuda wenye saa ni vigumu kuukana.

Basi ukihamisha kaseti ya familia kwenye simu, usikate mwanzo wake. Andika daftarini: nani anasema, wapi, mwaka gani, na dakika ya ngapi. Dakika hiyo haibadiliki kwenye simu yoyote. Kaseti ya zamani usiitupe. Itunze pakavu, mbali na jua.