Bonane ya Kolwezi: karamu waliyoijenga wageni

Mwaka 1974 serikali ya Mobutu iliiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama nyingine, miaka miwili tu baada ya majina ya Kikristo kupigwa marufuku nchini Zaire, yaani Kongo ya leo. Mwaka Mpya, Bonane kwetu, haukuguswa. Serikali inaweza kupanga siku ya kazi na siku ya mapumziko, lakini nani ale na nani ni jambo lililoamuliwa zamani katika mitaa ya wachimbaji wa Kolwezi, na walioliamua ni watu waliotoka mbali.

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Kampuni yenyewe ilikuwapo tangu 1906. Mwanzoni iliajiri wanaume peke yao kwa mikataba mifupi. Walikufa wengi, wengine walitoroka, na kila mara ilibidi kutafuta wapya. Mwaka 1928 ikageuza mwendo: mkataba wa miaka mitatu, na mke na watoto waje pia. Mwaka huohuo reli iliyotoka Bukama ilifika Ilebo, wakati ule Port-Francqui, ikaifungua Kasai. Mwaka 1931 njia ya Tenke hadi Dilolo iliungana na reli ya Benguela iendayo bandari ya Lobito. Katika mstari mmoja wa nyumba za kambi ya kampuni wakakaa Waluba wa Kasai, Waluba wa Katanga, Walunda, Wachokwe na Wasanga, na Kiswahili kikawa lugha ya uani.

Kila familia ilipokea posho: unga, mafuta ya mawese, maharage, samaki, chumvi. Posho ilipimwa kwa vichwa, yaani mfanyakazi, mkewe na watoto walioandikishwa. Mama mkwe aliyeshuka treni kutoka Luputa baada ya siku kadhaa za safari hakuwa na fungu lake. Mdogo wa mume kutoka Sandoa pia hakuwa nalo. Kwangu mimi hapo ndipo historia ya karamu hii inapoanzia. Kampuni ililisha nyumba, lakini mgeni alilishwa na majirani. Huyu alileta kipimo cha unga, yule chupa ya mawese, na wa tatu majani ya muhogo kutoka shamba alilolima nje ya kambi. Mgeni wa nyumba moja akawa mgeni wa mstari mzima, na watoto wa majirani wakamwita nkambo, yaani bibi au babu, bila kuuliza kabila lake.

Desemba ni mwezi wa mvua, na chakula cha Bonane kinaonyesha hivyo. Uyoga hupangwa mafungu kando ya barabara, na sombe, mboga ya majani ya muhogo, huwa laini kwa sababu majani ni machanga. Sombe hutwangwa alfajiri, huchemshwa muda mrefu, na mawese huingia mwishoni. Bitoyo, samaki wa chumvi, hulowekwa tangu jana yake. Bukari, yaani ugali, husongwa mwisho kabisa, wageni wakiwa wamekwisha kunawa, kwa unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo. Mama wa Kikasai ataongeza muhogo, wa Kikatanga atapunguza, na ubishi huo hurudi kila mwaka. Kuku huwekwa mbele ya mgeni. Bia ya Simba, inayotengenezwa Lubumbashi, hununuliwa kwa fedha za likelemba, ule mchango ambao wanawake hupokezana mwezi kwa mwezi. Aliyepangiwa Desemba huhesabiwa mwenye bahati.

Karamu hiyo imepita katika moto. Mwisho wa mwaka 1962 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa yakiusogelea mji, ngome ya mwisho ya Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, na yaliingia tarehe 21 Januari 1963. Mei 1978 waasi waliotokea Angola waliuteka, kisha askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. Raia waliuawa kwa mamia.

Hata hivyo jeraha lililofika mezani ni la 1992 na 1993. Wanasiasa wa jimbo la Katanga, lililoitwa Shaba wakati ule, gavana Kyungu wa Kumwanza akiwa mstari wa mbele, waliwachochea vijana kuwafukuza Wakasai. Familia zilizokula pamoja kwa vizazi viwili zililala kwenye vituo vya treni vya Likasi na Kolwezi zikingoja mabehewa, na wengine walifia humo, hasa watoto. Wapo majirani waliowaficha rafiki zao, na wapo waliochukua nyumba zao. Yote mawili yasemwe, maana watu wa pande zote mbili bado wako hai.

Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa imekwisha kuyumba. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Shaba iliyozidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilishuka hadi takriban tani 30,000 mwaka 1994. Mishahara ilichelewa kwa miezi, na mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu juu ya familia hizi, akiwaita wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Leo Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, lililoundwa mwaka 2015, na kobalti imeleta wageni wapya: wachimbaji wadogo, madereva, wachuuzi. Wengi wamepanga chumba kimoja na hawana ndugu mjini, na unga, ambao mwingi hutoka Zambia, hupanda bei kila mpaka unapofungwa. Wenyeji wa Kolwezi, na karibu sisi sote ni wajukuu wa watu walioshuka treni, Bonane inayokuja mwiteni mpangaji wa jirani pamoja na ndugu zake waliomtembelea. Na wazee waliokula posho wakiwa bado mezani, waulizeni habari za 1993, kisha mziandike.