Mwalimu Aliyechora Gizani



Mhariri ameniomba nichangie makala ya historia. Mwaka huu sitaandika juu ya vita wala wafalme. Nataka kuwaeleza habari za mwalimu mmoja wa shule, Benode Behari Mukherjee wa Bengal, nchini India, ambaye kazi za uzeeni mwake alizifanya akiwa kipofu kabisa. Watu wengi wanaposikia habari zake husema ni muujiza. Mimi nimefundisha historia kwa miaka mingi, na siafiki. Naona ni mavuno ya shamba lililolimwa mapema, na mwenye kulilima kwanza ilikuwa ni shule.

Benode Behari alizaliwa tarehe 7 Februari 1904. Tangu utotoni jicho lake moja halikuona, na la pili liliona vitu vya karibu tu. Kwa sababu hiyo masomo yake yalikatika mara kwa mara. Mwaka 1917 alipelekwa Santiniketan, shule iliyoanzishwa mwaka 1901 na mshairi Rabindranath Tagore mashambani mwa Birbhum, ambako wanafunzi walisomea chini ya miti. Miaka miwili baadaye ilifunguliwa idara ya sanaa, Kala Bhavana, naye akaingia na kufundishwa na Nandalal Bose. Husimuliwa kwamba walikuwapo waliotia shaka: mtu wa macho hayo atachora nini? Tagore akaona kwamba maadamu kijana anahudhuria na anaipenda kazi, aachwe ajifunze. Akaachwa, na mwaka 1925 akawa mwalimu pale pale.

Sasa tuangalie alivyofanya kazi wakati bado anaona kidogo, maana hapo ndipo penye siri. Mwaka 1946 na 1947 alichora ukutani katika jengo la Hindi Bhavana maisha ya watakatifu washairi wa India ya zamani. Picha hiyo imeenea juu ya kuta tatu. Aliichora juu ya lipu mbichi, kazi isiyongoja, kwa kuwa lipu ikikauka rangi haishiki tena. Wachoraji wengi wa ukutani hutayarisha kwanza mchoro kamili wenye ukubwa wa ukuta wenyewe. Yeye hakufanya hivyo. Na macho yake hayakumwezesha kurudi nyuma hatua ishirini akaitazama kazi yote kwa pamoja. Ilimbidi ukuta mzima aubebe kichwani, na mkono uutoe kipande kwa kipande. Miongoni mwa watu aliowachora yumo Surdas, mshairi ambaye kwa mapokeo ya Wahindi alikuwa kipofu.

Mwaka 1949 aliondoka Santiniketan akaenda kufanya kazi Nepal, kisha akafundisha sehemu nyingine za India. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, alipokuwa amevuka umri wa miaka 50, alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Operesheni haikufaulu, na mwanga mdogo aliokuwa nao ukazimika.

Je, mchoraji asiyeona afanye nini? Angeweza kuweka kalamu chini, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alibadili zana. Alichukua karatasi za rangi akazikunja, akazikata na kuzibandika, mpaka pakatokea mwanamke aliyeketi au mtu na tunda. Ukingo wa karatasi unapapaswa kwa kidole. Ukingo wa rangi ya maji haupapasiki. Alifinyanga sanamu ndogo kwa nta na udongo. Aliendelea pia kuchora kwa kalamu, mkono ukifuata njia uliyoizoea. Matisse wa Ufaransa naye alikata karatasi uzeeni, ugonjwa ulipomzuia kusimama mbele ya turubai, lakini Matisse aliziona rangi zake. Benode Behari alizijua kwa kukumbuka na kwa kuambiwa.

Mwaka 1958 alirudi Kala Bhavana kufundisha historia ya sanaa. Fikirini darasa hilo: mwalimu asiyeona anawaeleza wenye macho namna ya kutazama picha. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 68, alitengeneza picha kubwa ya vigae kwenye ukuta wa idara hiyo, wanafunzi wakimsaidia. Mwaka huo huo Satyajit Ray, mtengenezaji filamu mashuhuri aliyepata kuwa mwanafunzi wake, alitoa filamu fupi juu yake iitwayo The Inner Eye. Mwaka 1974 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Vibhushan. Alifariki mwaka 1980, na mwaka 2017 kazi zake zilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya documenta, huko Athens na Kassel.

Basi, ndugu zangu, giza halikumpa Benode Behari kipaji kipya. Lilimkuta na desturi ya miaka 40 ya kubeba picha kichwani na kuuamini mkono. Kama angeondolewa darasani mwaka 1919 kwa hoja nzuri kabisa ya kwamba haoni vizuri, desturi hiyo isingekuwapo, na operesheni ile ingekuwa mwisho wa habari zake.

Ninyi mnaosoma sasa, msidharau mazoezi yanayoonekana hayana faida leo. Na sisi wa zamani, ambao wengine ni walimu na wajumbe wa bodi za shule, tukiletewa jina la mtoto asiyeona ubao, asiyesikia vizuri au aliye mzito wa kusoma, tuulize kwanza lile aliloangalia Tagore: je, anahudhuria, na anaipenda kazi? Kama ndivyo, tumwachie dawati lake.