Gati la Homa Bay
Gati la Homa Bay ni kituo cha vyombo vya majini katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, nchini Kenya. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 lakini haikuendelezwa hadi Homa Bay wala Migori, hivyo meli za shirika la reli ndizo zilizokuwa treni ya upande huu, zikibeba abiria na mizigo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli la Kenya lilirithi huduma hiyo. Pigo kubwa lilikuwa gugumaji lililotanda ghubani miaka ya 1990: zulia la kijani lenye maua ya zambarau, zuri kwa macho, ila hunasa rafadha na kuwafungia wavuvi njia. Leo wasafiri wengi huenda Kisumu kwa basi au matatu.