Gedi, Mji Uliofunikwa na Msitu

Mtu atokaye Malindi akashika njia ya kusini, baada ya mwendo wa maili kumi hivi hufika penye msitu wenye mibuyu mikongwe, ambamo yamelala magofu ya Gedi, mji ambao Wareno, ijapokuwa walikaa Malindi takriban miaka mia, hawakuutaja kwa jina hilo katika maandishi yao.

Basi habari za watu wake hatuna budi kuzisoma katika vyombo vyao. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuchimba mwaka 1948, aliziita nyumba kwa kile alichokiokota ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe. Kuta ni za matumbawe na chokaa. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba haukuweza kupita urefu wa boriti ya mkoko. Na nyuma, ndani kabisa, mna ghala lisilo mlango, ambalo mwenye mali aliliingia kwa tundu la juu. Bakuli za kaure zilitoka Uchina, na ushanga ng'ambo ya bahari. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, miaka 16 kabla ya twiga mmoja kutoka Malindi kufikishwa kwa mfalme wa Uchina.

Wako waliodhani kuwa mji huu ulikuwa wa wageni. Mimi sikubali. Juu ya mlango mmoja wa msikiti mkuu, ambamo mna mihirabu, birika la kutawadhia na chumba cha wanawake, umechongwa mkuki, silaha ya wenyeji wa nchi hii. Na wakazi walio wengi, waliolala katika nyumba za udongo na makuti, hawakuacha ukuta wa kutazamwa, ila bila mikono yao hata jiwe moja lisingalisimama.

Maji ya visima yalipopungua, Waoromo wakashuka kutoka kaskazini, na Sultani wa Malindi naye akahamia Mombasa baada ya Wareno kuanza kujenga ngome yao huko mwaka 1593, Gedi ikapungukiwa na watu, hata katika karne ya 17 ikahamwa kabisa. Wagiriama waliokuja baadaye waliuheshimu msitu ule kuwa makao ya mizimu, wasiukate, na mizizi ya miti ikazikumbatia kuta hadi leo.